Fundi wa Tovuti Anajibu: pasipoti za wageni, majina ya kununua na barua taka

Maswali ya mwezi huu karibu yote yanazunguka jambo moja: mteja akishaandika jina na anwani yake kwenye tovuti yako, vinakwenda wapi? Nimechagua saba. Waliouliza bei ya kutengenezewa tovuti nimewajibu pembeni, na aliyesubiri tangu Ramadhani aniwie radhi.

Habari za kazi, fundi. Tunapandisha wageni Kilimanjaro. Fomu ya tovuti yetu inachukua jina, picha ya pasipoti, umri, uzito, magonjwa na namba ya ndugu wa karibu. Mgeni wa Kijerumani aliyepanda mwaka jana ameandika akitaka kujua tunazo taarifa zake zipi na tutazifuta lini. Bosi anasema tumpuuze. (Moshi)

Nzuri. Mwambie bosi asimpuuze, kwa sababu mgeni huyo ana haki mara mbili. Ya kwanza ni ya hapa hapa nyumbani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mtu haki ya kujua ni taarifa zake zipi unazo na unazifanyia nini. Ya pili ni sheria ya Ulaya, GDPR, inayotumika tangu Mei 25, 2018. Hiyo haijali kwamba ofisi yenu iko Moshi, inajali kama mmewalenga watu walioko Ulaya. Nimeifungua tovuti yenu, ina ukurasa wa Kijerumani na bei kwa yuro. Mmewalenga. Sikutishi kwamba askari watatoka Berlin kuja kugonga mlango wenu, lakini mawakala wa Ulaya wanaowaletea wageni wanabanwa na sheria hiyo moja kwa moja, na mgeni aliyepuuzwa anajua pa kulalamika. GDPR inakupa mwezi mmoja wa kumjibu.

Kabla ya kujibu, chukua karatasi uchore safari ya fomu moja. Mgeni anabonyeza "tuma", nakala ya kwanza inaingia kwenye barua pepe ya ofisi. Ya pili mara nyingi inabaki ndani ya tovuti yenyewe, kwenye hifadhidata, maana programu nyingi za fomu huhifadhi kila kilichotumwa na hakuna anayefungua huko hata kwa bahati mbaya. Ya tatu iko kwenye nakala rudufu za kampuni inayohifadhi tovuti. Ya nne ni Excel ya mhasibu. Ya tano, na hii ndiyo inayonikera, ni picha ya pasipoti iliyorushwa WhatsApp kwa kiongozi wa mlima, ambaye msimu huu huenda anapandisha wageni wa kampuni nyingine.

Nasema hivi kwa sababu nami nimeungua. Miaka kadhaa iliyopita niliijengea tovuti kampuni moja ya safari, Arusha, nikaweka kitufe cha kupakia pasipoti. Mafaili yalikuwa yanaangukia kwenye folda ya kawaida, isiyo na kufuli. Siku moja nikitafuta jina la kampuni ile Google, upande wa picha, nikakutana na nyuso za wageni na namba zao za pasipoti zikinitazama. Wageni hawakukosea, wala mwenye kampuni. Aliyelala ni fundi. Tangu siku hiyo fomu ninazojenga zinauliza jina, barua pepe, tarehe na idadi ya watu, basi. Pasipoti inasubiri mpaka mgeni alipe malipo ya awali, na haipiti kwenye tovuti ya wazi.

Magonjwa yana hesabu yake. Kiongozi anayempeleka mtu mita 5,895 lazima ajue kama ana pumu au moyo, hilo halina ubishi. Lakini sheria inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na haja yenu ya kuzijua inaisha mgeni akishashuka geti la Mweka na cheti chake mkononi. Zifuteni msimu ukiisha, pamoja na uzito na namba ya ndugu. Risiti na jina vibaki kwa muda ambao sheria ya kodi inataka. Kisha mjibuni Mjerumani kwa maneno mepesi: tulikuwa na hiki na hiki, vilikuwa hapa na hapa, leo tumefuta hivi, tumebakiza hivi kwa sababu hii. Na kama kampuni bado haijajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile aliyoizindua Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024, bosi aanze na hilo badala ya kununua bendera mpya za lango.

Kuna jamaa ananiuzia anwani 8,000 za barua pepe za watu "wenye uwezo". Nauza paneli za sola. Nikiwatumia tangazo kuna ubaya? (Nakuru)

Ndugu yangu wa Nakuru, hao watu 8,000 hawakujui. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 hairuhusu kutumia taarifa za mtu kibiashara bila kuomba na kupata ridhaa yake ya wazi, na ridhaa haihami pamoja na orodha. Huyo jamaa hawezi kukuuzia kitu ambacho hata yeye hakupewa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kuwasumbua wenye namba hizo. Najua wewe huna nia ya kumtisha mtu, unauza sola, ila chanzo cha majina ni kile kile.

Weka sheria kando, tuhesabu biashara. Tangu Februari 2024 Google inawataka wanaotuma barua nyingi, 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail, waweke alama za kuthibitisha kwamba barua ni yao, waweke njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Kwa anwani 8,000, asilimia 0.3 ni watu 24. Ishirini na wanne tu wakibonyeza "hii ni taka", jina la tovuti yako limeshaanza kunuka. Halafu kwenye orodha za kununua hupandwa anwani za mtego, ambazo hakuna binadamu anayezitumia, zipo ili kukamata watumaji wa aina hiyo. Ukizigusa unaingia kwenye orodha nyeusi, na baada ya hapo hata ankara unayomtumia mteja wako halali wa Naivasha inaangukia kwenye taka. Utampigia simu kumuuliza mbona hajalipa, naye atakuambia hajaona kitu, na atakuwa anasema kweli.

Hela hiyo chapisha vipeperushi. Aliyekupigia mwenyewe, muulize kama anapenda kupokea bei mpya kila mwezi. Ukipata 80 waliosema ndiyo wamekutosha kuanzia.

Tangu niweke barua pepe yangu kwenye tovuti ya duka, kila asubuhi nakuta barua za mikopo, za Kichina na za watu wanaosema watanipandisha Google. Nikawajibu waniondoe. Zimezidi! (Kariakoo)

Kuwajibu ndiko kulikokuponza, dada. Mtumaji wa taka hajui anwani ipi ina mtu na ipi imekufa. Ulipojibu ulimwambia: nipo, nasoma. Ni kama ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wewe unayejibu kwa matusi na yule anayejibu kwa upole, kwa tapeli mko sawa: namba inafanya kazi.

Wanazipataje? Kuna programu zinazozunguka kwenye tovuti usiku na mchana zikitafuta alama ya @. Anwani iliyoandikwa wazi kwenye ukurasa inaokotwa. Kwa hiyo iondoe, uweke fomu. Kwa sababu fomu nayo inavamiwa na roboti, mwambie fundi wako aweke kisanduku cha mtego: sehemu ya kujaza ambayo imefichwa, mtu haioni. Roboti, kwa uroho wake, hujaza kila kisanduku inachokikuta. Kisanduku kile kikija kimejazwa, fomu inatupwa kimya kimya. Njia hii ni ya bure na haimsumbui mteja kubonyeza picha za taa za barabarani. Kile kipimo cha "mimi si roboti" kinasaidia pia, lakini baadhi ya vipimo hivyo vinakusanya taarifa za mgeni wako na kuzipeleka kwa kampuni ya tatu, kwa hiyo mimi naanza na mtego, nikishindwa ndipo naongeza.

Zilizokwisha kuingia usizifute tu, zibonyeze kama taka ili kichujio kijifunze. Kiungo cha kujitoa kitumie kwa kampuni unayoijua, uliyowahi kujisajili kwake. Kwa mgeni usiyemjua usikiguse. Na anwani ya dukani isiwe ndiyo ile ile ya benki.

Usidhani umeonewa peke yako. Barua taka ya kwanza inayokumbukwa ilitumwa Mei 3, 1978 na Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC, Marekani, kwa watu karibu 400. Walikasirika. Yeye aliuza kompyuta. Ndiyo maana hatujapona mpaka leo.

Mpwa wangu ameweka tangazo la kuki kwenye tovuti ya mgahawa wetu. Linafunika menyu yote. Ni lazima? (Mombasa)

Kuki ni kijifaili ambacho tovuti hukiacha kwenye simu au kompyuta ya mgeni ili imkumbuke. Kilibuniwa 1994 kwa kazi ya heshima kabisa, kama kukumbuka kilichomo kwenye kapu la mnunuzi. Kama tovuti yenu ni menyu, ramani na namba ya simu, muulize mpwa: kuki hizo zinafanya kazi gani? Naona atakuambia ni za kuhesabu wageni na za matangazo ya Facebook. Je, kuna anayesoma hesabu hizo? Kama hakuna, aziondoe, na tangazo liondoke nazo. Kama mnazihitaji, kitufe cha "kataa" kiwe kikubwa na karibu sawa na cha "kubali". Januari 2022 Ufaransa ilitangaza kuitoza Google yuro milioni 150 na Facebook milioni 60 kwa kufanya kukataa kuwe kugumu kuliko kukubali.

Nimepokea barua iliyotoka kwenye anwani yangu mwenyewe! Wanasema wamenirekodi kwa kamera na wanataka bitcoin, na wametaja nenosiri langu la kweli. (Mwanza)

Usilipe. Pole kwa usiku uliokesha.

Mfumo wa barua pepe tunaoutumia uliandikiwa kanuni zake 1982, wakati waliokuwa wakiandikiana walikuwa wachache na wanaaminiana. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza "wewe ni nani kweli?" Nyuma ya bahasha ya posta unaweza kuandika umetoka Ikulu, na postamasta ataifikisha. Ndivyo walivyofanya na anwani yako. Hawajaingia kwenye kompyuta yako. Nenosiri walilolitaja, nakisia, ni la zamani. Liliibwa kwenye tovuti fulani uliyojisajili ukasahau. Unaweza kuingiza anwani yako kwenye huduma ya Have I Been Pwned uone ni wizi upi uliokukumba. Popote unapotumia nenosiri hilo bado, libadilishe leo.

Kwa kuwa anwani hiyo ni ya tovuti ya biashara yako, kuna kazi ya nusu saa kwa fundi. Kwenye mipangilio ya domeni, yaani jina la tovuti yako, aweke rekodi tatu. SPF inataja seva, yaani kompyuta za kutumia barua, zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM inagonga muhuri kwenye kila barua, na DMARC inawaambia wapokeaji wafanye nini na barua isiyotimiza masharti. Aanze na DMARC ya kutazama tu, wiki chache baadaye aikaze iwe ya kukataa. Akianza na kukataa siku ya kwanza atazuia barua zenu wenyewe, nimeshaona.

Karani wa kliniki yetu ya meno alituma tangazo la sikukuu kwa wagonjwa 340, anwani zote zikaonekana. (Iringa)

Hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu kuwa kwenye orodha ile kunasema mtu ni mgonjwa wenu. Sheria inataka Tume ijulishwe bila kuchelewa. Jirani zetu wa Kenya wana saa 72. Andikeni barua ya kuomba radhi, kila mtu yake, mkiwaomba wafute ile ya kwanza. Nasisitiza kila mtu yake, maana nimewahi kupokea barua ya kuomba radhi ya namna hii, nayo ikiwa na anwani zote juu. Sehemu ya Bcc inaficha majina, lakini vidole huteleza. Tumieni huduma ya kuwatumia wateja barua, inayotuma moja moja yenyewe. Karani msimfukuze. Aliyempa orodha ya wagonjwa wote kwenye barua pepe ya kawaida ni nani?

Sera yetu ya faragha tuliinakili kwenye tovuti ya Marekani. Ina shida? (Tanga)

Nimeisoma. Inaeleza haki za wakazi wa California na inaahidi kwamba afisa wenu wa faragha atajibu ndani ya siku 45. Ninyi mnauza machungwa na mko wanne. Sera ni ahadi, na ukiahidi usichofanya umejifunga mwenyewe. Andikeni nusu ukurasa kwa Kiswahili: tunachukua nini, kwa nini, nani anakiona, tunakaa nacho muda gani, na ukitaka tufute uandike wapi. Hapo pa mwisho wekeni anwani inayosomwa. Jana nimejaribu kuandika kwenye hiyo mliyoweka. Barua imerudi.