Barua kwa mwanangu: Ni tezi au ni mimi?

Mwanangu mpendwa,

Huku Njombe hatujambo, baba yako anakusalimu na viazi vimetoka vizuri. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma nikaurudia. Unasema ni mwaka sasa unameza vidonge vya tezi ya shingo, wali umeacha, usiku unakunywa supu peke yake, na bado mzani unasoma kilo 82 wakati kabla ya mimba ya pili ulikuwa na 66. Ukamalizia: "Mama, ni tezi au ni mimi?" Halafu ukauliza kama unaweza kumeza vidonge viwili badala ya kimoja, alivyokushauri mwenzako wa kazini, ili mwili ushuke.

Hilo la vidonge viwili nalijibu kwanza kwa sababu haliwezi kungoja. Usithubutu, mwanangu. Levothairoksini, ndiyo dawa iliyo kwenye kidonge chako, ni homoni, na ikizidi mwilini moyo huenda mbio, wakati mwingine hupoteza kabisa mpangilio wa mapigo, usingizi hukatika, mikono hutetemeka, na ikiendelea muda mrefu mifupa hupoteza uimara wake. Marekani wameagiza onyo liandikwe kwenye dawa yenyewe kwamba si ya kupunguzia unene. Nimefanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu, na ninaimeza dawa hiyohiyo mimi mwenyewe. Dozi hubadilishwa na daktari akiwa ameshika majibu ya maabara. Yule mwenzako hana majibu yako mkononi.

Sasa swali lako. Ni tezi, kwa sehemu, na sehemu hiyo ni ndogo kuliko unavyodhani. Ila hata hiyo sehemu ndogo bado haijatibiwa sawasawa, na hapo ndipo nataka tuanzie.

Nimeiangalia picha ya vipimo uliyonitumia. Ulipogundulika TSH yako ilikuwa 38. Kipimo cha mwisho, ambacho kina miezi mingi sasa, kinasema 7.2. Maabara nyingi huhesabu kawaida kuwa kati ya 0.4 na 4 hivi. TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamsha ile ya shingo. Ni kama mtu anayepiga hodi: asipoitikiwa, anagonga kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo namba ikiwa juu, maana yake homoni ya shingoni haitoshi. Ulishuka kutoka 38 hadi 7.2, na ni hatua kubwa, lakini hujafika. Uliambiwa "endelea na dawa" ukaendelea, na hakuna aliyekurudisha maabara. Hilo limenisikitisha, kwa sababu kila dozi inapoanzishwa au kubadilishwa, kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Dawa hii huondoka mwilini polepole sana, inachukua kama wiki nzima kupungua nusu, ndiyo maana mtu hawezi kuihukumu kwa siku chache.

Kabla daktari hajaongeza kitu, tuangalie unavyoimeza. Umeniambia mwenyewe kwamba unaimeza asubuhi na chai ya maziwa ofisini, pamoja na vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu ulivyopewa baada ya uzazi, ili usivisahau. Mwanangu, hapo nusu ya kazi inapotea. Madini ya chuma hushikana na dawa hii tumboni isiingie kwenye damu. Kalisiamu hufanya hivyohivyo, na maziwa yana kalisiamu. Kahawa nayo huipunguza. Kidonge cha tezi kinataka maji matupu na tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Wewe unaamka saa kumi na moja alfajiri. Weka kidonge na glasi ya maji karibu na kitanda, umeze kabla hujaenda kuwaandaa watoto, na ukifika ofisini saa moja chai yako haitakuwa na ubaya wowote. Vidonge vya damu visogeze mchana, maana kati yake na cha tezi zipite angalau saa nne. Kama asubuhi zako ni za vurugu mno, wapo wanaoimeza usiku wakati wa kulala, saa tatu baada ya mlo wa mwisho, na inafanya kazi. Chagua wakati mmoja ukae nao.

Na usivitembeze kwenye mkoba. Vidonge hivi havipendi joto, mwanga wala unyevu. Vinatakiwa kukaa mahali pasipozidi nyuzi 25, na kwa joto la Dar es Salaam mkoba ndani ya daladala unapita hapo mapema sana. Viache kwenye pakiti yake, chumbani, mbali na jiko.

Kuna jingine ambalo wengi hawaulizwi. Zile kapsuli za nywele na kucha ulizoanza nywele zilipopukutika, soma nyuma ya kopo kama zina bayotini, ile vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele. Bayotini nyingi huvuruga vipimo vya maabara: TSH huweza kuonekana ipo chini kuliko ilivyo na thairoksini, yaani T4, homoni ya tezi yenyewe, kuonekana ipo juu. Daktari akiona karatasi ya namna hiyo anaweza hata kukupunguzia dawa unayoihitaji. Acha kuzinywa angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na umwambie daktari kwamba huwa unazitumia. Nywele zenyewe zitarudi tezi ikikaa sawa, ila zinachelewa.

Sasa uzito. Wataalamu wa tezi wanakadiria kwamba tezi iliyolala humwongezea mtu kilo 2 hadi 5 hivi, na nyingi ya hizo ni chumvi na maji yaliyobaki mwilini, ndiyo ule uvimbe wa macho asubuhi na pete isiyovuka kifundo cha kidole. Dozi ikikaa sawa, hizo huelekea kuondoka. Wewe umeongezeka 16. Natamani ningekuambia kwamba kidonge kitaziondoa zote, lakini nitakuwa nakudanganya, na utakaa miaka ukikilaumu kidonge.

Zilizobaki zimetoka wapi? Sikuhukumu. Nakumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Ulibeba mimba, ukajifungua, mtoto hakulala, ukarudi kazini umechoka, na ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshaingia bila mtu kujua. Ulikuwa unavaa sweta Dar es Salaam mwezi wa pili. Sauti ilikuwa nzito, choo kigumu, ngazi za ofisini zinakushinda, na watu wakakuita mvivu. Mtu aliyechoka kiasi hicho hutembea kidogo na hula kile kilicho karibu ili apate nguvu ya kumaliza siku. Huo si uvivu, na naomba usilikubali neno hilo hata likitoka kwa ndugu. Muulize daktari pia kuhusu ile sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, kwa kuwa wanawake wengine huongezeka uzito wakiitumia. Njia nyingine zipo.

Kuhusu chakula nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndipo unapojitesa. Umeniandikia unavyokula: asubuhi chai na maandazi mawili, mchana mchicha na ugali kidogo, jioni supu tupu, na Jumamosi njaa inakushinda unakula chochote unachokiona. Wali uliouacha haukuwa adui yako. Angalia mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina kalori kama 120, zaidi ya nusu kikombe cha wali mweupe uliochemshwa, na mchicha wa pale mgahawani hupikwa kwa vijiko vingi. Andazi linayanywa. Chipsi ndiyo usiseme. Soda ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai karibu tisa, na juisi za maboksi haziko mbali. Ningekuwa karibu ningekuondolea hivyo kwanza, kisha nikurudishie chakula cha jioni.

Ndiyo, nikurudishie. Mwili ukinyimwa chakula kwa ghafla, hupunguza kuigeuza T4, ambayo ndiyo iliyo kwenye kidonge chako, kuwa T3 ambayo ndiyo hasa inayoendesha viungo. Kwa mtu mwenye tezi yako, kujinyima kupita kiasi ni kujiondolea kuni wakati moto wenyewe ni hafifu. Pia unapoteza misuli, na misuli ndiyo inayotumia nguvu hata ukiwa umelala. Kula usiku maharage au dagaa au yai, mboga nyingi zilizopikwa kwa mafuta ya kupimwa kwa kijiko, na ugali au wali wa kiasi cha ngumi yako. Utashiba, na Jumamosi haitakuwa siku ya kulipiza.

Kabichi kula. Najua ulikatazwa. Kabichi na mboga za jamii yake zikipikwa na kuliwa kwa kiasi cha kawaida hazina neno kwako. Soya inaweza kuzuia dawa kuingia, basi uji wa lishe wenye soya usiwe karibu na saa ya kidonge.

Ule unga wa mwani uliouziwa kama tiba ya tezi, acha. Hapa naomba unielewe, kwa sababu umeuliza pia kama umerithi goita ya bibi yako. Bibi yako na majirani zake walivimba shingo kwa sababu udongo na maji ya nyanda hizi za juu kusini yana upungufu wa madini joto. Nikiwa muuguzi kijana tuligawa vidonge vya mafuta yenye madini hayo vijijini, na miaka ya 1990 chumvi ikaanza kutiwa madini joto nchi nzima, na shingo za watoto waliofuata zikawa nyingine kabisa. Wako si upungufu huo. Kipimo chako cha kinga kilionyesha kwamba kinga ya mwili wako inaishambulia tezi, ugonjwa ambao daktari Hakaru Hashimoto wa Japani alikuwa wa kwanza kuueleza mwaka 1912. Huo hupita kwenye familia, hivyo ukitaka wa kurithi, nadhani umeurithi kwangu. Mwani una madini joto mengi mno, na kwa tezi iliyoshambuliwa namna hiyo, kuzidisha kunaweza kuizimisha zaidi. Chumvi ya kawaida ya dukani inakutosha.

Chai za kupunguza tumbo nazo usinunue. Nyingi ni za kuharisha, na kuharisha hakupunguzi mafuta. Vidonge vya kukonda visivyojulikana ni vibaya zaidi: baadhi vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwa moyo.

Kutembea anza taratibu, misuli yako bado inauma kwa sababu homoni haijatosha. Shuka kituo kimoja kabla ya nyumbani. Mara mbili tatu kwa wiki kaa na uinuke kwenye kiti mpaka mapaja yachoke, nyanyua madumu ya maji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 kwa wiki. Ufike huko kwa miezi, usifike kwa wiki moja ukaumia.

Halafu tupange namba inayowezekana. Kwa kilo 82, ukipunguza kati ya 4 na 8, presha, sukari na lehemu vyote hunufaika, na magoti utayasikia. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, robo pia ni mwendo. Mimi dozi ilipokaa sawa nilishuka polepole, na nilibaki mzito kuliko nilivyoolewa. Nimelima, nimelea, nimefanya kazi za usiku wodini na mwili huu. Sikuombei kilo 66. Nakuombea uamke asubuhi una nguvu.

Kabla ya mwaka 1891 wagonjwa wa aina yetu walivimba, miili ikawa ya baridi, akili zikafifia, wakafa. Mwaka huo daktari kijana wa Newcastle, George Murray, alimdunga mwanamke mmoja maji yaliyotengenezwa kwa tezi za kondoo. Yule mama akaishi hadi 1919, akafa na miaka 74, na tezi za kondoo zaidi ya 870 zilitumika kumfikisha huko. Nilifundishwa habari hiyo chuoni na sijaisahau. Kidonge chako kinafanya kazi ileile, na ukikipima kwa mzani peke yake utakidhulumu.

Jambo la mwisho ni kubwa. Mkifikiria mtoto wa tatu, mwambie daktari mapema, na siku utakayojua una mimba nenda kliniki wiki hiyohiyo. Dozi huhitaji kupanda mapema sana, mara nyingi kwa robo au zaidi, maana miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto unategemea homoni ya mama.

Jumatatu omba ruhusa kazini. Rudia TSH na T4, na damu yako wapime kama bado unahitaji vile vidonge vyekundu. Mweleze daktari jinsi ulivyokuwa unameza, bila kuficha, ili asiongeze dozi bure. Huenda akataka kwanza umeze ipasavyo wiki 6 hadi 8 kisha arudie kipimo. Majibu yakitoka nitumie picha ya karatasi yote, na namba za kawaida za maabara hiyo zionekane pembeni.

Wabusu wajukuu. Baba watoto msalimie, na umwambie mimi nimesema asubuhi yeye ndiye awavalishe watoto viatu.

Mama yako