Maswali ya Wasomaji: Maumivu Yametulia, Choo Kimefunga

SWALI: Daktari, assalamu alaykum. Baada ya salamu, mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, mwenye umri wa miaka 54. Misimu miwili nyuma nilianguka mkarafuuni nikafikia kitako, na tangu hapo mgongo wangu haujawa mgongo. Maumivu huanzia kiunoni yakashuka mguu wa kushoto hadi unyayoni, na usiku ndiyo huzidi. Hospitali nilipigwa picha nikaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, ila kuna mshipa wa fahamu unaobanwa. Nimeandikiwa tramadoli ya miligramu 50 asubuhi, mchana na usiku, pamoja na amitriptilini ya miligramu 25 wakati wa kulala. Maumivu yamepungua, sasa naweza kukaa barazani na wenzangu, lakini choo nakipata siku ya nne au ya tano, tena kwa kujikamua, kigumu na mara nyingine kina damu kidogo. Tumbo hujaa, na nikila matonge machache nimeshashiba. Duka la dawa walinipa haiosini kwa ajili ya msokoto wa tumbo. Jirani ananisisitiza nile pumba za ngano kwa wingi, na mama mkwe hunichemshia sanamaki kila ninapozidiwa. Juzi nilikata shauri nikaacha dawa zote. Choo kilifunguka kweli, lakini nilitokwa na jasho, usingizi ukanipaa na mgongo ukarudi kwa kishindo, basi nikazianza tena. Na Ramadhani iko njiani. Je, niache dawa ipi nibaki na ipi? — Mchumaji karafuu, Wete.

JIBU: Waalaykum salaam, kaka yangu, na pole sana kwa yote yaliyokufika.

Kabla ya kulijibu swali lako, nina maswali matatu ambayo nakuomba ujiulize leo hii. Je, unahisi ganzi sehemu unayokalia, yaani baina ya mapaja na kuzunguka tupu? Je, mkojo umekuwa mzito kutoka, au unakutoka bila ya wewe kujua? Je, miguu yote miwili inazidi kuishiwa nguvu? Likiwapo hata moja katika hayo, usingoje siku ya kliniki, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kwa mtu mwenye jeraha la mgongo kufunga choo kunaweza kutokana na mishipa ya fahamu iliyobanwa chini ya uti wa mgongo, na jambo hilo halisubiri. Amitriptilini nayo inaweza kuuzuia mkojo, lakini kazi ya kupambanua sababu ni ya daktari atakayekupima kwa mikono yake, wala si ya mgonjwa aliye nyumbani.

Ikiwa hayo hayapo, basi maelezo yako yanaelekea moja kwa moja kwenye dawa. Tramadoli imo katika ukoo mmoja na mofini na kodeini. Dawa za ukoo huu hutuliza maumivu kwa kushika vipokezi, yaani vile vituo ambavyo dawa hunasa, vilivyomo kwenye ubongo na uti wa mgongo, na vipokezi vya aina hiyo hiyo vimetapakaa katika kuta za utumbo. Vikishikwa huko, ule mwendo wa utumbo wa kusukuma chakula mbele hupungua, majimaji yanayotolewa ndani yake huwa machache, na kwa kuwa uchafu unakaa muda mrefu, mwili hupata nafasi ya kunyonya maji yaliyobaki hadi choo kikawa kikavu na kigumu. Tumbo lenyewe nalo huchelewa kumwaga chakula, na ndiyo maana unashiba kwa matonge machache. Amitriptilini hupita njia nyengine: huzuia kemikali ya mishipa ya fahamu inayouamrisha utumbo ukaze na kusukuma, na ni hiyo hiyo inayokaukisha mdomo.

Sasa ipo dawa ya tatu, na hii ndiyo iliyonishughulisha zaidi niliposoma barua yako. Haiosini uliyopewa kwa ajili ya msokoto hufanya kazi kwa kuulegeza utumbo usijikaze. Msokoto wako unatokana na utumbo uliojaa na usioweza kusukuma, nawe umeongezewa dawa ya kuuzuia usisukume. Ikiwa unaitumia kwa sababu hiyo tu, hiyo ndiyo dawa ya kwanza ninayokushauri uiache, na kuiacha kwake hakuna madhara. Mtajie daktari na vidonge vyengine unavyomeza hata kama unaviona vidogo, kama vile vya madini ya chuma, vya mafua vinavyoleta usingizi na vile vya kiungulia vyenye aluminiamu, kwa kuwa vyote hivyo hufunga choo.

Kuhusu tramadoli, kosa halikuwa kutaka kuiacha, bali ni kuiacha kwa ghafla. Lile jasho na kukosa usingizi ni dalili za mwili uliokwisha kuizoea dawa, na hata kule kufunguka kwa choo kulikokufurahisha ni sehemu ya dalili hizo. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kwa mpango anaoujua aliyekuandikia. Nakuomba pia umuulize kwa uwazi kama bado unaihitaji, maana kwa maumivu ya mgongo yaliyokaa muda mrefu dawa za ukoo huu mara nyingi faida yake hupungua huku madhara yake yakibaki palepale. Na umhakikishie kwamba unaitumia pamoja na amitriptilini, ikiwa kila moja umeandikiwa na mtu wake, kwani zikichanganywa hatari ya degedege huongezeka, khasa dozi zikipandishwa. Jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio vikikutokea hali dawa unaendelea kuzimeza, hilo ni jambo la hospitali.

Madhara mengine ya tramadoli, kama kichefuchefu na usingizi wa mchana, kwa kawaida mwili huyazoea baada ya siku chache au wiki. Kufunga choo mwili hauzoei. Mgonjwa anayesubiri kwamba mwezi ujao tumbo litakaa sawa lenyewe atasubiri sana, na kwa hiyo dawa ya choo inapaswa kutumika kila siku sambamba na dawa ya maumivu, si siku ya tano mtu anapokuwa ameshazidiwa. Laiti kila anayeandikiwa tramadoli angeandikiwa na dawa ya choo kwenye cheti kile kile, barua za namna hii zingepungua sana.

Mama mkwe wako hakukosea mlango. Sanamaki ndiyo mmea unaotengenezewa vidonge vya sena, na ni katika dawa zinazofaa kwa tatizo lako kwa sababu huuamsha utumbo usukume. Shida ya majani ya kuchemsha ni kipimo: leo ukipata kikombe chepesi hakitafanya kitu, kesho kikiwa kizito utashinda msalani ukiharisha na kupoteza maji na chumvi. Nakushauri utumie vidonge vya sena au vya bisakodili kwa kipimo utakachopewa, umeze usiku, kwa kuwa huchukua baina ya saa 6 na 12 kufanya kazi na hivyo vitakufaa asubuhi. Bisakodili humezwa kizima, wala isimezwe pamoja na maziwa. Usiviunganishe vidonge na majani ya mama mkwe, mshukuru tu kwa wema wake. Choo kikiendelea kuwa kigumu, daktari ataongeza dawa inayovuta maji utumboni kama laktulosi, ambayo huhitaji hadi siku mbili kuonesha kazi na huweza kuleta gesi mwanzoni.

Pumba za jirani ziache kwa sasa. Makapi, yaani nyuzinyuzi za chakula, huongeza ukubwa wa choo, na utumbo wenye nguvu huukuta ukubwa huo ukausukuma. Utumbo uliolegezwa na dawa unaweza kuzidiwa, na kwa mtu asiyekunywa maji ya kutosha pumba zinaweza kugeuka kizibo. Mchicha, mtoriro, papai na embe vina makapi ya kiasi na maji ndani yake, kwa hiyo kula. Kula kidogo mara nyingi badala ya sahani moja kubwa, na punguza vya kukaanga, kwani mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula.

Wakati nao una nafasi yake. Utumbo mkubwa huamka zaidi baada ya kifungua kinywa, kwa hiyo kunywa kitu cha moto, kisha nenda msalani ndani ya nusu saa hata kama hujabanwa, ukae bila ya kujikamua. Kuchuchumaa hunyoosha njia ya haja, lakini mgongo wako huenda haukuruhusu. Ukitumia choo cha kukalia, weka miguu juu ya kigoda kifupi ili magoti yapande juu ya nyonga, uinamie mbele kidogo na kuegemeza viwiko mapajani. Wagonjwa wengi huliona jambo hili kuwa dogo mpaka walijaribu.

Ramadhani ni suala la wewe, daktari wako na sheikh wako, kwani mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Mimi nitasema la dawa tu. Tramadoli ya kawaida hushika kwa takriban saa 6, na hatari ninayoiogopa ni mtu kukusanya dozi za siku nzima akazimeza kwa pamoja wakati wa futari. Hilo usilifanye kabisa, kwani linaweza kuleta degedege na kupunguza pumzi. Ipo tramadoli inayoyeyuka polepole, humezwa kila baada ya saa 12, na hiyo inaweza kupangwa futari na daku. Nenda kaombe mabadiliko hayo kabla ya mwezi kuandama. Futari yetu ya muhogo wa nazi, ndizi mbichi na viazi vikuu sina ugomvi nayo, ila ni nzito kwa tumbo linalochelewa, basi anza na maji, tende na uji, kisha pumzika kabla ya kuendelea, na maji uyanywe kidogo kidogo hadi daku badala ya kuyameza yote kwa mkupuo.

Kwa maumivu yenyewe, parasetamoli haifungi choo kama hizo nyengine na inaweza kusaidia kupunguza dozi ya tramadoli, mradi isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini zima. Diklofenaki na ndugu zake usijinunulie ukidhani umepata njia ya mkato, maana huchubua tumbo na kudhuru figo, na wakati wa saumu, mwili unapopungukiwa na maji, hatari hiyo huongezeka. La muhimu zaidi ya vidonge ni mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu, na kutembea kila asubuhi mwendo unaouweza, ukiuongeza taratibu. Kulala kutwa huulegeza mgongo na huulaza utumbo pia. Usilenge siku ambayo hutasikia maumivu kabisa, lenga kutembea hadi msikitini na kurudi, kukaa, kulala usiku. Mkarafuuni usipande tena. Kazi ya kuchambua na kuanika karafuu ipo, nayo ukiifanya uwe unainuka mara kwa mara.

Damu uliyoitaja pengine inatokana na mchubuko au bawasiri kwa sababu ya kujikamua, lakini kwa umri wako lazima ipimwe. Na ukiona tumbo limevimba, unatapika na hata upepo hautoki, usimeze dawa yoyote ya kufungua choo, nenda hospitali.

SWALI: Daktari, namuuguza mama yangu hapa Makunduchi. Ana saratani na anatumia mofini ya maji, ambayo imempa nafuu kubwa. Alikaa karibu wiki bila ya choo, na sasa ghafla anaharisha majimaji kidogo kidogo mchana na usiku, hata hatambui yanapomtoka. Nimeisitisha mofini nikampa dawa ya kuzuia kuharisha. Nimefanya sawa? — Binti, Makunduchi.

JIBU: Binti yangu, Mwenyezi Mungu akulipe kwa kumshughulikia mama. Kwa unavyoeleza, kuna uwezekano mkubwa kwamba mama haharishi. Choo kigumu kimejikusanya chini, na majimaji ya juu yanapenya pembeni yake. Dawa ya kuzuia kuharisha itazidi kuufunga utumbo, kwa hiyo isimamishe sasa hivi, na leo umfikishe mama kituo cha afya au umwite muuguzi aje nyumbani, ampime kwa kidole na kukiondoa kizibo kwa dawa ya kuwekwa njia ya haja au kwa njia anayoona inafaa. Usijaribu kukitoa mwenyewe.

Mofini mrudishie, lakini kwanza mpigie simu anayemtibu umweleze ni dozi ngapi zimepita, kwani huenda akataka kuanza na kipimo kidogo. Anapoirudia, aanze na dawa ya choo siku hiyo hiyo, kila siku, wala isiachwe kwa sababu choo kimekuwa kizuri. Weka daftari dogo karibu na kitanda uandike saa ya mofini, saa ya dawa ya choo na siku aliyopata choo, na ikipita siku ya tatu bila ya choo piga simu, usingoje ya nne.