Kabla hujawamwagia sato chakula, pima maji alfajiri

Mwaka wangu wa pili wa kufuga sato kwenye vizimba, upande wa Igombe, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, nilifika ziwani alfajiri moja nikakuta samaki wote wako juu, midomo wazi, wanahema. Upepo ulikuwa umetulia siku tatu mfululizo. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, na kasia nikiliinua linatoka na utando kama rangi ya mafuta. Kufika saa 2 asubuhi, kizimba cha kwanza kilikuwa kimejaa matumbo meupe. Nililia pale pale kwenye mtumbwi.

Jioni yake nilikuwa nimewamwagia chakula kuliko kawaida. Aliyeniuzia ndiye aliyenishauri: samaki hawakui, ongeza.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja mtafiti wa maji, anayefuatilia virutubisho na kaboni vinavyozunguka ziwani. Alishusha sahani yake yenye rangi nyeusi na nyeupe, ya kupimia uwazi wa maji, ikapotea machoni kabla kamba haijafika mita moja. Akaniuliza, "Kaka, chakula cha mwaka jana kiko wapi?" Nikamwambia kimeliwa. "Kiasi," akasema. "Kingine umekipanda."

Akanipigia hesabu ya Alfred Redfield, aliyepima viumbe wadogo wa baharini miaka ya 1930. Watafiti wa maziwa nao huanzia hapo. Kwa kila atomu 1 ya fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye chakula cha samaki, mwani, yaani vimea vidogo vinavyoyafanya maji kuwa ya kijani, hujenga mwili wake kwa atomu 16 za naitrojeni na 106 za kaboni. Kwa uzito, kilo 1 ya fosforasi inaweza kukusanya kilo 41 hivi za kaboni. Mwani huo ukifa, bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni kama kilo 140. Kwa kilo moja tu ya fosforasi! Kaboni mwani unaipata majini, nayo hujazwa tena kutoka hewani. Naitrojeni, ule mwani wa bluu-kijani tunaouona Ghuba ya Mwanza, baadhi yake hujichukulia hewani pia. Fosforasi ndiyo inayotoka mkononi mwako, na zaidi ya nusu ya iliyomo kwenye chakula haibaki mwilini mwa samaki.

Wala fosforasi hiyo haimaliziki. Inazama na mavi na chenga za chakula, inashikwa na chuma kilichomo topeni. Oksijeni ikikauka chini, chuma kinaiachia, inapanda kulisha mwani mwingine. Ndiyo maana ghuba yangu iliendelea kuwa ya kijani hata miezi niliyopunguza chakula.

Sisemi wafugaji ndio tulioharibu ziwa. Vipimo vya mtafiti wa maziwa Jack Talling vya 1960 na 1961, vikilinganishwa na vya Robert Hecky na wenzake miaka thelathini baadaye, vinaonyesha mwani uliongezeka sana na maji ya chini yakazidi kukosa oksijeni, na hapo vizimba vilikuwa bado. Virutubisho vilitoka mashambani, kwenye moshi na vumbi linaloanguka na mvua, na kwenye maji machafu ya miji. Lakini maji yanayozunguka vizimba vyako ni yako.

Basi nunua kipima oksijeni kabla hujaongeza kizimba kingine. Pima saa 11 alfajiri, siyo mchana. Mchana mwani unatengeneza oksijeni, kipimo kitakusifia. Usiku kucha mwani ule ule unaivuta. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya nyuzi 25 hushika miligramu 7 hivi tu za oksijeni kwa lita, akiba yenyewe ni ndogo. Mimi nikiona chini ya 3, silishi. Shusha kipimo hadi karibu na tope pia, kwa sababu upepo mkali wa Juni hadi Agosti huyapandisha maji ya chini yakiwa hayana pumzi.

Usitege kizimba kwenye kihori kilichotulia kwa kuwa ni karibu na nyumbani. Tafuta maji yanayotembea, na chini ya wavu pabaki kina cha kutosha. Mwaga chakula kidogo kidogo ukiwatazama. Wakianza kukipita bila kukigusa, funga mfuko. Samaki waliokufa zika nchi kavu, usiwatupe ziwani.

Leo alfajiri nimepata 4.6 mita moja chini, na 2.1 karibu na tope. Chakula cha asubuhi nimekisogeza hadi saa 4, jua likiwa limepanda.