Usitume logi nje ukiwa ndani ya mratibu

Msimu wa zabibu uliopita nilikuwa Area D, Dodoma, nikifuatilia mzigo mmoja wa mkulima wa Hombolo kwenye mfumo wetu wa malipo. Logi, yaani kumbukumbu ambazo programu huandika kila hatua, zilisomeka hivi: “Mzigo umepokelewa” mara tano. “Umepimwa” mara nne. “Bei imepatikana” mara tatu. “Malipo yametumwa” mara mbili. Hapo nikaacha kila kitu, nikampigia karani wa chama chao cha ushirika.

“Kaka shikamoo. Samahani, yule mzee kalipwa mara mbili?”

“Marahaba. Hapana, mdogo wangu. Yuko hapa hapa, kanionyesha simu. Ujumbe ni mmoja na salio ni lile lile.”

Nilishukuru Mungu, kisha nikarudi kwenye msimbo.

Tunatumia Azure Durable Functions, huduma ya Microsoft ya kuendesha msimbo wenye hatua nyingi. Msimbo wa mratibu, yaani sehemu inayopanga kazi zifuatane vipi, haukai macho ukisubiri. Ukishaita kazi, unapumzishwa; kazi ikiisha, unaamshwa na kuanza tena tangu mstari wa kwanza. Ukifika kwenye hatua iliyokwishafanyika hauirudii, unachukua jibu lake kwenye historia iliyohifadhiwa. Ndiyo maana hela ilitoka mara moja. Logi haimo kwenye historia hiyo, kwa hiyo kila mstari wake ukipitiwa unaandika upya. Ukijumlisha na logi ya mwisho iliyoandikwa mara moja, kazi nne zilinizalia mistari kumi na mitano, na huduma ya logi inatoza kwa wingi wa data.

Kwa logi za kawaida, dawa ni nyepesi: kwenye lugha ya C# chukua logi kupitia CreateReplaySafeLogger, itanyamaza wakati wa marudio. Wengine hukagua wenyewe IsReplaying, alama inayosema kama haya ni marudio. Sawa, ila sharti hilo lizunguke logi peke yake. Ukiliweka kwenye uamuzi wa kazi, marudio yatapita njia nyingine na historia haitalingana na msimbo.

Kutuma logi kwa HTTP, yaani kwa ombi la mtandao, kwenda huduma ya nje ni jambo jingine kabisa, na hapa nakuomba usinifuate nilikopita. Niliandika ombi hilo ndani ya mratibu nikalizungushia IsReplaying nikidhani nimemaliza. Mratibu anapaswa kusubiri tu kazi alizoziita kupitia muktadha wake (context, kitu anachopewa na mfumo ili aitie kazi). Nilipomsubirisha jibu la mtandao, mizigo ikaanza kukwama katikati.

Sasa kutuma logi ni kazi inayojitegemea, kama ilivyo kutuma malipo. Kazi yenyewe inaweza kurudiwa mtandao ukikatika, kwa hiyo kila logi inabeba namba ya mzigo na jina la hatua, na upande wa pili nakala inatambulika. Saa nayo chukua kwenye CurrentUtcDateTime ya mratibu, maana saa ya mashine hubadilika kila marudio. Kumbuka hiyo ni saa ya UTC, iko nyuma ya saa ya Dodoma kwa saa tatu: ikiandika 09:00, huku Hombolo ni saa sita mchana, watu bado wako kwenye mizani.