Aliyejifunza kuogelea Kigamboni akienda ziwani

SWALI: Mwezi wa 7 tunatoka Dar kwenda Matema, Kyela, kupumzika siku nne. Watoto wangu wana miaka 8 na 12, wote wamejifunza kuogelea Kigamboni, na mdogo huelea chali vizuri tu. Niwaache waogelee Ziwa Nyasa? Nasikia habari za kichocho na mamba. (Mama wa Mbagala)

JIBU: Waache, mama, ila siku ya kwanza wahesabu kama wanaanza upya. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, ya ziwa ni kilo 1. Unaweza kuona ni kitu kidogo, lakini mtoto aliyezoea kubebwa na chumvi atashangaa miguu inazama na maji yanamfika puani, na hapo ndipo anapoanza kutapatapa. Mjaribuni kwenye maji ya kiunoni: alale chali dakika mbili, kisha aogelee mita 25 sambamba na ufukwe. Akishindwa, avae jaketi la kuokolea, mikanda yote ifungwe, hata ule wa kupita katikati ya miguu kama upo. Jaketi lililolegea hupanda masikioni na mtoto hubaki chini yake.

Wasisogee upande wa Milima ya Livingstone. Pale mlima unaingia moja kwa moja ziwani, na hatua moja tu inamtoa mtu kwenye maji ya magoti hadi asikogusa chini.

Bahari ya Dar mnaisubiri ijae. Ziwani mnaangalia upepo. Julai ni msimu wa kusi, na mawimbi husukumwa kuelekea kaskazini, huko huko Matema. Yakianza kuvunjika meupe mfululizo, watu watoke. Asubuhi nayo ina hila yake: upepo mwepesi hushuka milimani kwenda ziwani, kando maji yametulia kama ya kwenye beseni, na tyubu ya gari huondoka taratibu na mtoto juu yake. Bora tyubu ibaki nyumbani.

Mamba waogopeni kwenye midomo ya mito, kama Lufilyo, kwenye matete, na jua likizama. Kila asubuhi waulizeni wavuvi, si mhudumu wa hoteli.

Kichocho kipo. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini, zaidi mchana jua likiwa kali, na huchukua dakika chache tu kupenya ngozi. Epukeni penye majani na maji yaliyotuama, lakini msidhani mchanga mtupu ni salama kabisa, wala kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Mkirudi Dar msikimbilie dawa wiki hiyo hiyo, kwa sababu prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa, ile michanga hubaki hai. Nendeni hospitali baada ya wiki 6 hadi 8. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, yaani mtoto wa kilo 30 hupewa vidonge viwili vya miligramu 600.

Mwisho, bebeni dumu la lita 5 lenye kifuniko kizima na kamba ya mita 15. Tieni humo kikombe kimoja cha maji. Likiwa tupu kabisa upepo hulirudisha. Mtu akizidiwa, mrushieni dumu livuke kichwa chake kidogo, kisha mvuteni. Msimfuate mikono mitupu. Akitolewa hapumui, mpeni pumzi 5 kwanza, halafu mgandamizo 30 wa kifua kwa pumzi 2, bila kukatiza. Tumbo msilikamue.