Baba na mdogo wako wanabishana juu ya mageuzi: anzia hapa

Pole sana dada. Mdogo wako amerudi kutoka chuo anatetea mageuzi ya viumbe, baba anashikilia kwamba ulimwengu una kusudi la Muumba, na sasa hata kula pamoja hawataki.

Watenganishie maswali, maana wamechanganya mawili. Viumbe hubadilikaje? Hilo lina ushahidi unaoshikika. Chukua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi: aliyerithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni hiyo imeenea kwenye maeneo ya malaria, ingawa anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Huo ni uteuzi wa asili, yaani sifa inayomsaidia kiumbe kuishi huenea kizazi hadi kizazi, nao umo ndani ya damu zetu. Lakini kwa nini ulimwengu upo, na kama una kusudi, maabara hailijibu hilo. Mdogo wako asijifanye limekwisha.

Baba naye ajue wapo waumini wanaokubali imani na sayansi pamoja. Georges Lemaître, aliyeeleza mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, alikuwa padri. Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kwamba mageuzi ni zaidi ya nadharia tete, yaani dhana ambayo bado haijathibitishwa. (Kama baba si Mkatoliki, la Papa liache, litamchokoza.)

Zungumza na kila mmoja peke yake, kamwe si mbele ya wageni. Baba akianza kutaja kukata ada, acha hoja za sayansi kabisa. Mwite mjomba au mchungaji anayemsikiliza, siku hiyohiyo.