Ndiyo, kocha apewe ofisi, ila asianze yeye

Wiki hii mmeuliza kama mtu aliyecheza mpira kisha akafundisha ndiye anayefaa kukabidhiwa idara nzima ya michezo ya chuo. Mimi nasema ndiyo, mradi aikute idara imeshanyooshwa na mwingine. Mfano wangu ni Barry Alvarez wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ambaye mashabiki wake humsimulia kana kwamba alifanya yote peke yake.

Alvarez, mzaliwa wa Pennsylvania, alicheza futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Nebraska miaka ya 1960, upande wa ulinzi. Ukocha alianzia chini kabisa, shule za sekondari, na mwaka 1978 akaipa shule ya Mason City, jimbo la Iowa, ubingwa wa jimbo. Akawa msaidizi wa kocha Hayden Fry katika Chuo Kikuu cha Iowa, kisha wa kocha Lou Holtz katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, waliotwaa ubingwa wa taifa 1988. Kwa hiyo alipochukua Wisconsin mwaka 1990 hakuwa mgeni wa kazi. Hata hivyo msimu wa kwanza alishinda mechi moja, akapoteza kumi.

Hapo wengi wangeonyeshwa mlango. Aliyemwajiri na kumvumilia ni mkurugenzi wa michezo wa chuo, Pat Richter, na huyu ndiye ninayetaka tumtazame. Richter naye alikuwa mchezaji, tena nyota wa chuo hichohicho, akacheza kulipwa katika timu ya Washington. Lakini ukocha hakuupitia. Alikuwa akishughulikia mambo ya wafanyakazi katika kampuni ya soseji ya Oscar Mayer, hapohapo Madison, mji wa chuo hicho, hadi alipoitwa kuokoa idara iliyokuwa na madeni na viti vitupu uwanjani. Mwaka 1991 michezo mitano ilifutwa, besiboli ikiwemo, na mpaka leo timu hiyo haijarudi. Kocha gani angekubali kutia saini karatasi ya namna hiyo? Nina shaka.

Matunda yalionekana tarehe 1 Januari 1994, Wisconsin ilipoifunga UCLA, chuo cha Los Angeles, 21-16 na kushinda Rose Bowl, mechi kubwa ya kila mwaka ya futiboli ya vyuo, kwa mara ya kwanza. Darrell Bevell, mrusha mpira ambaye mbio hazikuwa sifa yake, alijipenyeza yadi 21 hadi mstari wa mwisho. UCLA wakaja juu dakika za mwisho, lakini hawakuwa na nafasi tena ya kusimamisha saa. Muda ukawaishia wakiwa wanakimbilia kujipanga.

Richter alipoondoka 2004, Alvarez akarithi kiti, na kwa misimu miwili akawa mkurugenzi na kocha kwa wakati mmoja. Hilo mimi silipendi hata kidogo. Timu ikiboronga, nani amwite nani ofisini?

Halafu kuna yale ya kurudi uwanjani. Desemba 2012 Bret Bielema, kocha aliyemchagua mwenyewe kumrithi, alihamia Chuo Kikuu cha Arkansas. Wachezaji wakamwomba mzee Alvarez awaongoze kwenye Rose Bowl, wakafungwa na Stanford 20-14. Miaka miwili baadaye Gary Andersen, kocha aliyefuata, naye akaondoka, Alvarez akarudi tena na kuifunga Auburn 34-31 katika muda wa nyongeza. Watu walishangilia kweli. Mimi nilijiuliza kwa nini makocha wawili wameaga ndani ya miaka miwili, na kama kumfanyia kazi bosi ambaye sanamu yake imesimama nje ya uwanja ni jambo jepesi.

Haki yake nampa. Alikaa hadi 2021, na katika kipindi hicho timu ya wanawake ya magongo ya barafu ilitwaa ubingwa wa taifa mara sita chini ya Mark Johnson. Alvarez alimkuta kocha huyo kazini tangu enzi za Richter, akamwacha afanye kazi yake.